Kabari Nane

Mshangano, Songea
3 Juni 1996

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko Madaba, na kifua cha Mama kinaendeleaje kwa baridi hii? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, hofu ni kwenu tu.

Hii ni barua ya tisa tangu niache unovisi, Baba. Nane za kwanza hukuzijibu. Anord, yule kondakta wa basi la Njombe, huniletea salamu za Mama kwa kificho, na ndiye aliyeniambia kwamba umekataza jina langu lisitajwe nyumbani. Miaka mitatu sasa. Najua ulivyoumia. Ulikuwa umeshaalika kigango kizima, umeshanitengenezea na sanduku la kwenda nalo konventi, halafu binti anarudi kabla ya nadhiri na kusema hakuusikia wito. Nimeomba msamaha mara nane. Safari hii siombi. Ninayemwandikia leo ni fundi seremala, na kama Baba hataki kunijibu, basi fundi anijibu.

Nina grosari ya bia hapa Mshangano, hilo umeshalisikia na umeshalichukia. Siku hizi kila kitu ruksa, na mwezi uliopita nimeletewa meza ya puli kutoka Dar es Salaam. Ni meza kubwa ya kitambaa cha kijani, ina kingo za raba pande zote na mifuko sita, minne kwenye pembe na miwili katikati. Mtu anapiga mpira mweupe kwa fimbo, huo mweupe unagonga mipira mingine, nayo inatakiwa kuangukia mifukoni. Ndiyo mchezo wenyewe.

Lakini sikiliza nilichokiona. Siku ilipofika kitambaa kilikuwa kimevuliwa, na chini yake si mbao, Baba. Ni jiwe. Jiwe moja jeusi kama ubao wa shule, wanaume wanane wamelibeba wakitweta. Nililimwagia maji kidogo ili nilifute vumbi, na maji yale yakakaa pale pale yalipodondoka. Hayakujua pa kwenda! Nilisimama nikiyatazama mpaka wapagazi wakaniuliza kama nimeona nyoka.

Sasa ugonjwa wake. Mifuko minne ya pembeni inatapika. Mpira unaingia mdomoni, unagonga shavu hili, unagonga shavu lile, kisha unarudi mezani kana kwamba umefukuzwa. Midomo ni mipana kweli kweli, lakini mipira haikai. Wateja wanacheka, wengine wanatukana. Fundi mmoja wa mjini alitaka kupanua zaidi kwa msumeno, nikaona afadhali kumkatalia kuliko kujuta. Wewe umetengeneza milango ya makanisa matatu na hakuna hata mmoja unaokwama. Kwa nini kitu kiingie mlangoni halafu kirudi nje?

Msalimie Mama, kama salamu zangu zinaruhusiwa.

Mwanao,
Hilda

*

Madaba
27 Juni 1996

Hilda,

Barua imefika. Mama yako hajambo, kifua kinamsumbua asubuhi tu. Mimi sijambo.

Huyo fundi asiguse kitu. Mwenye kukimbilia msumeno hajui ugonjwa.

Weka karatasi za kaki juu ya kila pembe, zifuate kingo kwa penseli iliyochongwa vizuri, uandike namba ya pembe. Pima upana wa mdomo kwa nje, na upana wa koo kwa ndani. Pima kwa futi ya chuma, si ya kitambaa. Mpe Anord.

Grosari sijaipenda na sitakanyaga. Naulizia meza tu.

Baba

*

Mshangano
14 Julai 1996

Kwa Baba,

Shikamoo. Nashukuru Mama anaendelea vizuri. Huku sote ni wazima, vumbi tu limetuzidi.

Barua yako nimeisoma mara ngapi sijui. Mistari michache, yote ya amri, na mimi nimeikunja nimeiweka kwenye Misale yangu. Ndiyo, bado ninayo Misale, na Jumapili huwa nasali kabla ya kufungua mlango wa biashara. Nilidhani utapenda kujua.

Karatasi nne hizo hapo. Aliyenisaidia kuchora ni Mwalimu Alfani, mwalimu wa hisabati, Myao wa Tunduru. Hanywi pombe, anakunywa soda moja jioni nzima na kuitazama meza. Usimwogope. Anasema mpira ukigonga ukingo unaondoka kwa mwinamo ule ule uliojia, wala hauibi hata nywele moja. Nikamwambia hayo ni ya darasani. Akapaka chaki alama mbili kwenye mbao za ukingo, akapiga, mpira ukaenda ukagonga alama ya kwanza na kurudi kwenye ya pili. Akapiga tena. Akapiga mara kumi, Baba, na mara kumi mpira ulitii. Wateja wakamwita mchawi, naye akasema uchawi ungekuwa rahisi zaidi.

Mwanao,
Hilda

*

Madaba
29 Julai 1996

Hilda,

Salamu. Mama yako hajambo, mahindi tumeshavuna.

Karatasi zako na za mwalimu wako ni nzuri kufungia sukari. Mmechora ukingo kwa juu. Mpira haugusi juu. Mpira ni mviringo, unagusa pale kiunoni pake palipotokeza zaidi, na huo ukingo wa raba umekatwa mshazari kwenda chini, sivyo? Basi mstari mlionichorea ni mstari ambao mpira haujawahi kuukuta. Mtu akikupima nguo anapima mwili, hapimi kivuli.

Mwambie mwalimu achore upya, karatasi aishikilie kwenye urefu wa kiuno cha mpira. Tena nitumie mpira mmoja. Siwezi kutengeneza mlango bila kumjua anayepita.

Yale ya chaki umenieleza vizuri.

Baba

*

Mshangano
6 Agosti 1996

Kwa Baba,

Shikamoo. Huku ni salama, tumaini langu na huko ni hivyo hivyo.

Mwalimu Alfani amesoma maneno yako kuhusu kivuli, akavua miwani, akaifuta, akasema, "Huyu mzee amesoma wapi?" Nikamwambia kwa wamisionari, miaka minne ya useremala na makofi. Amechora upya akiwa amelala chini sakafuni na suruali yake ya kazi.

Mpira ni huo, mwekundu, namba tatu. Nimeufunga kwenye soksi mpya ili Anord asiufungue, maana anaweza kuuchezesha njia nzima kwenye basi. Wateja wanacheza pungufu, wamekasirika, nimewaambia namba tatu amekwenda hospitali.

Baba, niliposoma kwamba nimeeleza vizuri nilicheka peke yangu jikoni. Sijasikia sifa kutoka kwako tangu nikiwa darasa la saba.

Mwanao,
Hilda

*

Madaba
18 Agosti 1996

Kwa Hilda,

Salamu nyingi. Hali yangu nzuri, Mama yako hajambo, naye anauliza kama unakula vizuri na unalala saa ngapi. Mimi nauliza pia.

Mpira umefika. Nimeupima kwa kalipa, kile chuma cha kupimia unene. Nimeupima juu na chini, kushoto na kulia, mshazari, mara ishirini na nne. Vipimo vyote ni kimoja. Hilda, nimeranda mbao miaka arobaini na moja. Kila kitu nilichokitengeneza kina kosa lake, ninalijua mimi peke yangu na nimelificha upande wa ukutani. Sijawahi kushika kitu kisicho na upande wa kuficha. Hiki nimekishika. Nilikaa nacho kizingitini hata Mama yako akaniuliza kama kuna msiba. Nikampa. Akaugeuza, akaupangusa kwa khanga, akasema, "Huu hata dhambi ya asili hauna." Nikamwambia asikufuru, ila sikumpinga sana moyoni.

Nimetengeneza pembe moja ya meza yako kwa mninga, kwa michoro ya mwalimu, sasa hiyo ni michoro. Mashavu nimeyavika raba ya tyubu. Shida ni mahali pa kujaribia. Nikiviringisha mpira kwenye benchi la kazi unapinda, maana mbao ina nyuzi, na nyuzi zina njia zake. Sakafu ndiyo hasara tupu. Nahitaji jiwe kama lako.

Nimepata jiwe. Usiulize ni la wapi.

Usilale umechoka bila kufunga mlango vizuri. Komeo la ndani liwe la mti mgumu.

Baba yako

*

Mshangano
22 Septemba 1996

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Nakuombea afya wewe na Mama.

Wiki tano hujaandika, na Anord amenikwepa kwenye basi mara mbili. Leo nimemkamata stendi kwa ukosi wa shati. Anasema Madaba yote inazungumza kwamba Mzee Rupert Luambano amefumaniwa anacheza kamari juu ya altare. Anasema umezuiwa komunyo, wala hujaingia kanisani tena.

Nimemwambia ni mwongo. Nimemwambia Baba yangu hata karata hajui. Kisha nikakumbuka jiwe, nikakaa chini pale pale kwenye mizigo ya watu.

Baba, nimefanya nini? Kanisa lile ndilo maisha yako. Mimi nilipotoka konventi nilikuaibisha mara moja, na sasa kwa kutaka tu unijibu nimekutia aibu ya pili kubwa kuliko ile. Sina shida na mifuko. Sikiliza, sikuwa na shida na mifuko! Ilikuwa inatapika kweli, lakini ningeweza kuiacha itapike mpaka kiama. Nilitaka tu kuuona mwandiko wako. Mrudishie Anord mpira, uwaambie kosa ni langu, uombe radhi, urudi mahali pako.

Nisamehe. Hiyo ya tisa.

Mwanao,
Hilda

*

Madaba
1 Oktoba 1996

Kwa mwanangu Hilda,

Salamu nyingi sana. Sisi ni wazima. Usilie stendi, watu watadhani umeibiwa.

Anord ameeleza kama anavyoendesha mdomo wake, bila breki. Nieleze mimi. Unakumbuka altare ya zamani, ile ya ukutani, iliyoondolewa walipomgeuza Padre atutazame? Jiwe lake la juu lipo stoo, nyuma ya sakristia, limefunikwa magunia tangu wewe ukiwa mgongoni. Ufunguo wa stoo ninao mimi kwa kuwa ni fundi wa kigango. Kwangu lilikuwa jiwe la stoo. Hilo ndilo kosa langu, nalikubali. Mkristo wa miaka sitini na miwili asingehitaji kukumbushwa kwamba mahali palipobeba Mwili wa Bwana si benchi la kazi. Lakini niliweka pima maji juu yake, Hilda, na kile kitone kikasimama katikati hakikutikisika, nami nikasahau yote mengine.

Niliiweka pembe yangu kwenye kona ya jiwe. Nikaviringisha mpira kwenye ubao wenye mtelemko, ili kila mara mwendo uwe mmoja. Ukaingia mdomoni, ukatapika, kama ulivyosema. Nikaweka chaki pale ulipogusa. Ndipo nikaona. Mashavu ya mifuko yako yamelazwa kama faneli, nje kupana, ndani kwembamba. Wote tunadhani mdomo ukiwa mpana ndio unakaribisha. Mimi mwenyewe ningepanua. Lakini mpira ukikuta shavu lililolala unarudishwa ulikotoka, ni ile sheria ya mwalimu wako, haiibi hata nywele. Koo lilikuwa jema. Mdomo ndio uliokuwa ukidanganya.

Nikachonga kabari mbili, nene kwa nje, nyembamba kwa ndani, nikaziweka nyuma ya raba. Mdomo ukapungua. Mashavu yakasimama yakatazamana kama miimo ya mlango. Nikaachia mpira. Ukagonga shavu la kwanza, ukagonga la pili, na kila ulipogonga ulikuwa umesogea ndani. Ukaanguka. Nikaachia tena. Nimeachia mara thelathini nikihesabu kwa rozari, na mara thelathini umepita njia ile ile na kuanguka kwa sauti ile ile. Niliogopa. Sikuona mchezo pale. Niliona kwamba toka dunia iumbwe jambo hili limekuwa hivi, hata kabla hapajakuwa na mpira wala meza, likingoja mtu apige magoti alitazame.

Na magoti nilikuwa nimepiga kweli, ili jicho liwe usawa wa jiwe. Polikarp katekista aliingia na akina mama wa usafi, akanikuta hivyo, akawaashiria wanyamaze kwa kuwa Mzee Rupert anasali. Wakasimama na mafagio yao. Ndipo mpira ukaanguka, tok.

Halmashauri imekaa. Padre ameamua nisipokee komunyo mpaka nisimame mbele ya watu Jumapili niombe radhi. Nimekataa. Watataka niseme nilikuwa nikicheza, na sikuwa nikicheza. Mama yako amenuna, anasema kichwa changu ni kigumu kuliko hilo jiwe.

Kabari zote nane ziko tayari. Kazi ya kuzifunga siwezi kumwachia mtu, wala haiwezekani kwa barua. Nitafika Jumatano ya tarehe 16 kwa basi la Anord. Nilisema sitakanyaga grosari. Nitakanyaga. Ondoa chupa mezani.

Baba yako

*

Mshangano
21 Oktoba 1996

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama Ijumaa na kwamba Anord alikupa kiti cha mbele kama nilivyomwambia. Mimi ni mzima, isipokuwa sauti imenikauka kwa kusimulia.

Ulisema gundi ikae siku mbili na mtu asiguse. Nilifunika meza kwa mashuka yangu, nikaweka benchi mlangoni, nikalala juu yake. Jana baada ya misa niliifunua. Kwa kuwa uliondoka bila kuiona ikichezwa, nitakueleza kila kitu, hata kama itachukua karatasi zote za daftari.

Walijaa mpaka dirishani. Nilimpa fimbo Mwalimu Alfani kwanza, kwa sababu ya suruali yake. Hakuchagua mpira rahisi. Alichukua ule uliokuwa umelala kwenye ukingo kabisa, mpira ambao tangu meza ifike hakuna aliyewahi kuutumbukiza. Akaugusa polepole, polepole mno, mpaka mtu mmoja akasema hautafika. Ukateleza ukiwa umegandana na raba, ukafika pembeni, ukagonga shavu, ukagonga la pili. Tumezoea sasa kuona unarudi. Mikono ya watu ilikuwa imeshaanza kuinuka wacheke. Haukurudi. Ukaingia, ukaanguka, na sauti yake ndiyo ile uliyoiandika.

Hakuna aliyecheka. Baba, ni grosari, kuna redio, kuna walevi wawili wa kudumu, na palikuwa kimya nikasikia mkaa ukilia jikoni. Kisha dereva mmoja wa malori ya tumbaku ya Namtumbo, mtu wa maguvu, akanyakua fimbo akapiga kwa nguvu zake zote bila kulenga vizuri. Zamani mdomo ule ungemdanganya, ungeumeza kisha kuutapika. Mpira ukafika mlangoni, ukakataliwa, ukakaa nje. Akapiga taratibu, kwa adabu, ukapokelewa. Akaweka fimbo chini, akapapasa mfuko kwa kidole kama mtu anayempapasa mtoto mchanga, akauliza, "Nani kafanya hivi?"

Nikasema, "Baba yangu."

Waliuliza jina, nikawatajia. Wameanza kunong'ona hapa meza inapochezwa. Sijawaamuru. Mwalimu Alfani jana hakumaliza hata soda.

Sasa niseme la moyoni, maana nisiposema sitalala. Ulikaa hapa siku tatu kasoro. Ulifungua ukingo, ukaondoa raba ngumu ya tairi iliyokuwa mashavuni, aliyoiweka nani sijui, ukaingiza kabari moja moja ukizisikiliza kwa kucha. Uliniambia "shika hapa" na "leta msasa" na "usipumulie gundi". Chai ulikunywa ukiwa umesimama. Mimi nilishika hapa, nikaleta msasa, nikazuia pumzi, na muda wote nilikuwa nangoja neno moja juu ya ile miaka mitatu. Ijumaa ulipanda basi hukulisema. Nilisimama stendi nikapunga mkono mpaka vumbi likanifunga macho. Nilifurahi na niliumia, vyote pamoja, na sijui kipi kilikuwa kikubwa.

Fundi amenijibu, Baba, na amenijibu kupita nilivyouliza. Nimeona kwa macho yangu kazi ambayo sitaiona tena. Lakini mimi bado ni mtu ambaye jina lake halitajwi.

Msalimie Mama.

Mwanao,
Hilda

*

Madaba
4 Novemba 1996

Kwa mwanangu mpendwa Hilda,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Sisi ni wazima kabisa. Mama yako jana amekula ugali mara mbili, kwa hiyo usimwulizie kifua.

Barua yako niliisoma nje, kisha nikamsomea Mama yako. Kule kwenye dereva aliyepapasa mfuko alinizuia nisiendelee, akataka nirudie. Kule mwisho hakuniomba nirudie. Aliinuka akaenda kwenye kuku. Alipotoka huko aliniambia maneno ambayo mke wangu hajaniambia tangu nimwoe, nami siyaandiki kwa kuwa Anord anasoma barua za watu.

Neno ulilolingoja nilikuwa nalo kinywani toka Jumatano mpaka Ijumaa. Kazini mkono wangu unajua pa kwenda. Nikiinua kichwa nakuona umeshika kona ile kwa mikono miwili, umezuia pumzi, kama ulivyokuwa ukinishikia mbao ukiwa mdogo, ninakosa pa kuanzia. Nikasema moyoni nitalisema kwenye basi. Kwenye basi nikasema nitaliandika. Mtu mzima kuwa mwoga ni aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jana Jumapili nilikwenda kanisani, wiki ya nane. Kabla ya baraka, Padre aliniuliza kwa macho, nikasimama, nikaenda mbele. Nikasema nimelitumia jiwe la Bwana kwa kazi ya mikono yangu bila ruhusa na bila heshima, naomba radhi. Polikarp akaitikia kwa kichwa, akafungua kitabu cha nyimbo. Nikamwambia ngoja, sijamaliza.

Nikasema: ndugu zangu, mmenizuia mezani pa Bwana wiki saba kwa kosa la mchana mmoja, na kosa nilikuwa nalo. Nimeuona uchungu wake. Mimi nimemzuia mtu nyumbani kwangu miaka mitatu, na yeye hakuwa na kosa. Alikwenda konventi kwa sababu nilipenda, na akatoka kwa sababu hakutaka kumwapia Mungu uongo. Mimi niliona aibu mbele yenu, si mbele ya Mungu, nikaipakia kichwani kwake. Mtu huyo ni binti yangu, anakaa Songea. Anaitwa Hilda.

Nikageuka nirudi kukaa. Ndipo nikasikia sauti upande wa wanawake, mstari wa tatu: "Rudia hilo jina, huku hatujasikia."

Ilikuwa ni Mama yako, ambaye anasikia mpaka panya akitembea darini.

Nikarudia. Akasema bado. Nikarudia kwa sauti niliyokuwa sijaitoa tangu ujana, na watoto waliokuwa nje wakaja kuchungulia mlangoni. Mama yako akainuka, amesimama peke yake kwenye wanawake wote, analia na mikono ameishika kiunoni, akasema, "Sasa tumesikia."

Njoo Jumamosi. Usilete kitu. Mama yako amekutandikia.

Baba yako